Magari ya kuungaunga: vijana wa Los Angeles na ziwa kavu la Muroc, 1931–1942

Mwaka 1929 viwanda vya Marekani vilitoa magari ya abiria yapatayo milioni 4.5. Mwaka 1932 vikatoa milioni 1.1 hivi. Mwaka uliofuata, kati ya kila wafanyakazi wanne mmoja hakuwa na kazi, na wengi waliobaki nayo walikuwa wamekatwa mishahara. Gari jipya likawa kitu cha kutazama kupitia kioo cha duka.

Katika miaka hiyohiyo, kusini mwa California, vijana waliotoka shule juzijuzi, wauza petroli vituoni, mafundi wanagenzi na wengine ambao bado walikuwa sekondari, walikesha kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba zao wakifunga bodi ya gari hili juu ya chesisi ya gari lile, wakiongeza kabureta na kuchongesha silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini. Wikiendi waliyaendesha magari hayo usiku, maili karibu 100 kuvuka milima hadi jangwa la Mojave, na kulipokucha wakayakimbiza juu ya sakafu ya ziwa lililokauka, kwa kasi ambayo gari la dukani lililopangiwa mtu wa kawaida halikuikaribia. Ndiyo magari ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili dunia iliyajua kwa jina la hotirodi.

Swali la uchambuzi huu ni kwa nini mambo hayo yalizuka pale, tena wakati ule. Maelezo yanayopendwa ni kwamba shida humfundisha mtu ufundi: hawakuwa na pesa, wakajiundia. Maelezo hayo ni matamu na yana ukweli ndani yake, ila hayatoshi. Shida ilikuwa imeenea nchi nzima, na Oklahoma, Kansas na Arkansas ziliumia kuliko Los Angeles. Kama ufukara ndio unaozaa magari ya mbio, basi yangezaliwa huko kwanza.

Mabaki ya miaka ya neema

Kisa hiki kinaanza kabla ya mwaka 1929. Kinaanza mwaka 1908, Henry Ford alipoitoa Model T. Ilipoachwa kutengenezwa Mei 1927, zaidi ya magari milioni 15 yalikuwa yametoka kiwandani, na chini ya boneti karibu yote yalikuwa na injini ileile ya silinda nne, lita 2.9, nguvu za farasi 20. Bei iliyoanzia zaidi ya dola 800 ilishuka katikati ya miaka ya 1920 hadi dola 260 kwa lile la wazi la viti viwili. Ikaja Model A mwishoni mwa 1927, lita 3.3 na farasi 40, ikaongeza magari mengine yanayokaribia milioni 5. General Motors nayo ilikuwa imeanzisha kampuni yake ya mikopo tangu 1919, na kununua gari kwa malipo ya kila mwezi kukawa jambo la kawaida hata kwa karani na seremala. Mwaka 1929 Marekani ilikuwa na magari ya abiria yaliyosajiliwa milioni 23, gari moja kwa kila watu watano au pungufu kidogo ya hapo ukihesabu na malori. Los Angeles ilikuwa imepita kiwango hicho zamani: katikati ya miaka ya 1920 tayari ilikuwa na gari moja kwa kila watu watatu hivi.

Soko la hisa la New York lilipoporomoka Oktoba 1929, biashara ya magari mapya ilianguka nalo. Magari yaliyokuwepo hayakuondoka barabarani. Kati ya 1930 na 1933 idadi ya magari yaliyosajiliwa ilishuka kwa asilimia 10 hivi tu, wakati utengenezaji ulishuka kwa robo tatu kati ya 1929 na 1932. Familia iliacha nyama, ikaacha nguo mpya, ikahama nyumba, lakini gari ilibaki nalo. Kilichoanguka ni thamani ya lile kuukuu. Model T ya mwaka 1924, yenye gia mbili zinazobadilishwa kwa pedali na isiyo na breki kabisa kwenye magurudumu ya mbele, haikuwa na mnunuzi mwenye pesa. Kwa dola chache kijana angeweza kuondoka nayo, na ikiwa haitembei, hata kwa chini ya hapo.

Mtoto wa Los Angeles mwaka 1931 alikuwa na mfuko mtupu, lakini alikuwa amezungukwa na utajiri uliomwagwa kwa miaka 20: mamilioni ya injini zinazofanana boliti kwa boliti, na yadi za magari chakavu kila pembe ya mji. Kila mtaa ulikuwa na mtu mzima aliyeshawahi kuifungua Model T na kuifunga tena. Uingereza nayo ilikuwa na mdororo na ukosefu wa kazi, lakini mwaka 1930 ilikuwa na magari binafsi kama milioni moja tu. Wapo Waingereza waliotengeneza magari ya mbio kutokana na vigari vya Austin Seven, na baadhi walikuwa mafundi hodari sana, ila jambo hilo halikusambaa mitaani kwa namna ile. Huwezi kuunga mabaki ya kitu ambacho hakikuwahi kuwa kingi.

Los Angeles ilikuwa na neema nyingine tatu. Ya kwanza ni mafuta: visima vya Signal Hill vilianza kutoa mwaka 1921, na petroli ikawa rahisi. Ya pili ni hali ya hewa. Gari la wazi lisilo na paa wala kioo cha mbele linaweza kuendeshwa huko karibu mwaka mzima, na bodi ya mwaka 1924 haijaliwa na kutu kama ingekuwa Chicago, mji wa theluji. Ya tatu, ambayo watu huisahau, ni mafundi wa mbio wa kulipwa. Harry Miller alikuwa na karakana yake mjini humo, akitengeneza kabureta na magari yaliyotawala mashindano ya Indianapolis katika miaka ya 1920. Alifilisika mwaka 1933, na Fred Offenhauser aliyekuwa msimamizi wake akaiendeleza kazi. Katika uwanja wa Ascot, upande wa mashariki wa mji, madereva walishindana kwa magari yenye injini za Ford zilizoongezwa nguvu, hadi Januari 1936 dereva Al Gordon na fundi aliyepanda naye, Spider Matlock, walipokufa na uwanja ukafungwa. Kifaa kilichochoka kwa mashindano ya Ascot kilishuka daraja: mwenye timu alikiuza, kijana akakinunua, au fundi akamweleza kijana namna ya kutengeneza kinachofanana nacho.

Walivyoyaunda

Kazi ilianza kwa kuondoa. Madigadi yalitoka, na bampa, na vikanyagio vya pembeni, na paa la turubai. Taa na kioo cha mbele vilibaki kwa sababu ya barabarani, vikafunguliwa kwa spana baada ya kufika ziwani. Kuondoa ni bure, na ni njia ya uhakika kuliko zote ya kuongeza kasi, kwa sababu injini ileile inasukuma mzigo mdogo na upepo mdogo. Sura ya gari la hotirodi ambayo leo watu hulipia fedha nyingi, magurudumu wazi na injini inayoonekana, ilitokana na hesabu hiyo tu.

Baada ya hapo ilikuja bodi na chesisi. Bodi ya Model T ilipendwa kwa wepesi na wembamba wake, lakini chesisi yake ilikuwa laini mno kwa injini yenye nguvu. Kwa hiyo bodi ya T ilikalishwa juu ya chesisi ya Model A, au juu ya chesisi ya Essex, gari lililokuwa limeanguka bei kabisa. Usukani ulitoka kwenye gari moja, rejeta kwenye jingine, dashibodi kwenye Auburn ya tajiri fulani iliyogongwa. Ndani ya Ford peke yake vitu viliingiliana kwa urahisi wa ajabu. Ekseli ya mwaka huu ilikaa chini ya gari la mwaka ule kwa kuongeza tundu mbili za boliti.

Injini ndiyo iliyokula muda. Injini ya Model T ilikuwa na mgandamizo mdogo, uwiano wa takriban 4 kwa 1, kwa sababu Ford aliipanga ikubali petroli mbaya na dereva asiyejua kitu. Ukiipeleka silinda hedi kwa mwenye mashine akaupunguza uso wake, chumba cha mlipuko kinakuwa kidogo, mgandamizo unapanda, na farasi zinaongezeka bila kununua kifaa chochote. Lakini ukipunguza sana unagusa mfereji wa maji, na hedi imekufa. Vijana waliharibu hedi nyingi wakitafuta mpaka huo, na kwa kuwa hedi nyingine ilikuwa yadini kwa senti kadhaa, hasara haikuwazuia.

Ufundi huu usingewezekana kwa kifaa cha bei ghali. Mtu anayejifunza kwa kuharibu anahitaji vitu vya kuharibu. Mwenye gari jipya la mkopo hathubutu kulifungua. Mwenye gari la dola chache hana cha kupoteza, na ndani ya mwaka mmoja atajua kuhusu kamshafti, mhimili unaofungua na kufunga valvu, kuliko aliyesomea.

Waliokuwa na pesa kidogo walikwenda mbele zaidi. Tangu kabla ya mdororo kulikuwa na watu waliotengeneza hedi maalumu za Model T, ambazo ziliweka valvu juu badala ya pembeni ili mchanganyiko wa hewa na petroli uingie bila kona. Rajo ilitoka kwa Joe Jagersberger wa Racine, Wisconsin. Frontenac ilitoka kwa ndugu wa Chevrolet, Louis na Arthur, huko Indianapolis. Gari lenye injini ya Model T na hedi ya Frontenac lilimaliza la tano katika mashindano ya Indianapolis ya mwaka 1923, jambo ambalo kila kijana mwenye T kuukuu alilijua kwa moyo. Huko California kulikuwa na Ed Winfield, mkimya na msiri, aliyetengeneza kabureta na kamshafti ambazo wengine walizinunua ili wajaribu kuelewa alichofanya. Mjini Bell, nje kidogo ya Los Angeles, George Wight alianza na yadi ya magari mabovu katika miaka ya 1920, akagundua kwamba vifaa vya mbio alivyovitoa kwenye mabovu vinauzika haraka kuliko kitu kingine, akaligeuza duka lake, Bell Auto Parts, kuwa la vifaa vya mbio. Wengi hulitaja kuwa duka la kwanza la namna hiyo Marekani.

Model A ilipoanza kufika yadini, wengi waliihama T. Ilikuwa na breki kwenye magurudumu yote manne na pampu ya oili, kitu ambacho T haikuwa nacho. Injini ya T ilitegemea oili irushwe na flywili inayozunguka, na ukiizungusha kwa kasi kubwa kwa dakika kadhaa beringi zinayeyuka. Gari la Model A lililovuliwa kila kitu, likawa na kamshafti na kabureta ya Winfield na hedi yenye mgandamizo mkubwa, liliweza kugusa maili 100 kwa saa, yaani kilometa 160. Maili 100 ndiyo iliyokuwa alama ya heshima. Likitoka dukani, lilikata pumzi kwenye maili 65.

Tarehe 31 Machi 1932, katikati kabisa ya dhiki, Ford alizindua injini yake ya V8: silinda nane, lita 3.6, farasi 65, ndani ya gari la wazi la dola 460. Hakuna aliyewahi kuuza silinda nane kwa bei hiyo. Ungetegemea vijana waikimbilie. Hawakuikimbilia mara moja, na sababu ni ileile ya mabaki. V8 za kwanza zilichemka, zilikunywa oili, na vifaa vya kuziongezea nguvu havikuwepo, wakati kwa silinda nne kulikuwa na maarifa ya miaka mingi na rafu zilizojaa. Isitoshe, gari lenyewe lilikuwa jipya mno kuwa rahisi. Ilipofika miaka ya 1937 na 1938, V8 zilizogongwa na zilizochoka zilipoanza kurundikana yadini, ndipo silinda nne zilipoanza kuachwa. Tangu hapo bodi ya wazi ya 1932 ikawa ndiyo inayosakwa kuliko zote. Uvumbuzi wa Detroit ulichukua miaka mitano hivi kumfikia kijana wa Los Angeles, na ulimfikia kupitia ajali na uchakavu.

Ziwani

Muroc ni ziwa kavu lenye eneo linalozidi maili za mraba 40. Majira ya baridi maji machache husimama juu yake, upepo huyasukuma huku na huko, na yanapokauka hubaki udongo wa mfinyanzi uliosawazishwa kuliko barabara yoyote ya lami ya wakati ule. Wakubwa waliujua uwanja huo mapema. Frank Lockhart alikwenda huko mwaka 1927 na gari dogo la Miller, akapita maili 160 kwa saa. Hakuna mwenye ardhi aliyedai kiingilio, hapakuwa na ukuta wa kugonga, na polisi walikuwa mbali.

Mwaka 1931 kampuni ya mafuta ya Gilmore ilidhamini mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza yaliyopangwa rasmi kwa magari ya aina hii pale Muroc, na Wight wa Bell alikuwa miongoni mwa walioyaandaa. Magari yalipimwa kwanza moja moja kwa saa za mkononi, kisha yakapangwa kwa makundi ya kasi na kuachiwa pamoja, yakiwa yamejipanga sambamba. Aliyetangulia aliona njia. Wote waliobaki waliendesha ndani ya vumbi lake, mguu ukiwa chini, bila kuona kitu, wakiamini kwamba aliye mbele hajapunguza mwendo. Watu walikufa kwa namna hiyo. Siamini kwamba tunapaswa kulipamba jambo hili. Breki zilikuwa za nyaya na vyuma, mikanda ya usalama haikuwepo, kofia ilikuwa ya kitambaa au ya ngozi, na dereva alikalia tangi la petroli au aliliweka mbele ya miguu yake, kutegemea gari.

Jumapili jioni, ambaye gari lake bado lilitembea alirudisha taa na kioo mahali pake, akarudi mjini kwa gari hilohilo, na Jumatatu akaenda nalo kazini. Hilo nalo ni jambo la uchumi. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa gari la mbio pembeni na gari la kazi pembeni. Kwa hiyo kila ubunifu ulipaswa kuvumilia foleni ya mjini, na injini iliyowaka vizuri ziwani tu haikumsaidia mtu.

Nani hasa alikuwa maskini?

Model T na Model A zilezile zilikuwa zikiingia California kutoka mashariki, zimebeba magodoro juu ya paa na watoto nyuma. Ukame na dhoruba za vumbi, bei ya pamba iliyoanguka na matrekta yaliyowafukuza wapangaji mashambani viliwatoa maelfu kwa maelfu Oklahoma na majimbo jirani. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James Davis, aliwatuma askari 136 hadi mipaka ya jimbo, mamia ya maili nje ya mji wake, wawarudishe wale wasio na pesa wala kazi. Kwa hiyo gari lilelile, la mwaka uleule, lenye injini ileile ya farasi 40, lilikuwa kwa mmoja nyumba ya mwisho aliyobaki nayo, na kwa mwingine mchezo wa Jumapili.

Aliyevunja Model A yake ili aongeze kasi alikuwa na uhakika wa mambo kadhaa ambayo mwenzake wa barabarani hakuwa nayo: chakula mezani kwa mama, kibanda cha kufungia kazi, na angalau mtu mmoja nyumbani mwenye mshahara, hata kama umekatwa nusu. Walikuwa na dhiki, lakini dhiki ya aliye na paa. Nadhani ukweli huu unaeleza mengi kuliko sifa yoyote ya kipaji.

Watazame watatu ambao majina yao yalibaki. Vic Edelbrock alizaliwa Kansas mwaka 1913. Duka la vyakula la familia yake liliungua mwaka 1927, naye akaacha shule akiwa na miaka 14, akapata kazi ya kuzipeleka Model T kutoka Wichita hadi miji ya pembeni. Barabara zilikuwa mbaya kiasi kwamba kila safari ilikuwa darasa la ufundi. Mwaka 1931 alihamia California, na katikati ya muongo huo alikuwa na gereji yake mwenyewe. Mwaka 1938 alinunua Ford ya wazi ya 1932. Hakuridhika na manifoldi za kabureta mbili zilizokuwepo, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye silinda, akabuni yake, mafundi wenzake wakaiita manati, akauza kama 100 kabla ya vita. Novemba 1941, katika ziwa kavu la Rosamond, gari hilo ambalo alilitumia kila siku lilipita maili 121 kwa saa, sawa na kilometa 195 hivi.

Wally Parks alizaliwa Oklahoma, mwaka huohuo wa 1913. Familia yake ilihamia California mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla ya vumbi, na hakuna askari aliyewasubiri mpakani. Baadaye alipata kazi katika kiwanda cha General Motors cha South Gate. Mtoto wa Oklahoma aliyefika mapema akawa kiongozi wa mbio. Wa Oklahoma aliyefika mwaka 1936 alikuwa mchuma pamba. Sioni tofauti ya vipaji hapo. Naona tofauti ya miaka 13 hivi.

Wa tatu ni Ed Iskenderian, mtoto wa Waarmenia, aliyezaliwa 1921 katika nchi ya mizabibu ya bonde la kati la California. Baridi iliua mizabibu ya familia, wakahamia Los Angeles. Alijifunza ufundi katika karakana ya shule yake ya sekondari, na hili la shule za serikali kuwa na karakana zenye mashine za kukatia chuma lingestahili uchambuzi wake peke yake. Gari lake ni mfano kamili wa kuungaunga: bodi ya Model T ya 1924, chesisi ya Essex, injini ya Ford V8 yenye hedi za Maxi ambazo asili yake zilikusudiwa malori. Mwaka 1942 lilipita maili 120 kwa saa. Alilinunua likiwa halijakamilika, kutoka kwa rafiki yake, na gari lipo hadi leo.

Walikuwepo pia Wamarekani wenye asili ya Japani katika vilabu vya ziwani na katika gereji za mbio. Kisa chao kilikatwa Februari 1942, Rais Roosevelt aliposaini amri iliyowatoa watu wa asili hiyo katika pwani ya magharibi. Kambi ya Manzanar ilijengwa katika jimbo hilohilo, kwenye barabara ileile inayopita Mojave kuelekea kaskazini. Weusi wa Los Angeles karibu hawaonekani katika picha za miaka hiyo, na kwa mji uliokuwa umegawanywa kwa hati za nyumba zilizokataza kuwauzia Weusi jambo hilo halishangazi.

Vilabu na jeshi

Kufikia 1937 mambo yalikuwa yameanza kuwa mabaya. Mbio zilihamia pia barabarani usiku, magazeti yalilalamika, na vifo vya ziwani vilifanya watu wazima waulize maswali. Novemba mwaka huo vilabu kadhaa, Road Runners cha Parks kikiwemo, viliungana na kuunda Southern California Timing Association, SCTA. Mei 1938 chama kilifanya mashindano yake ya kwanza pale Muroc. Kilileta ukaguzi wa magari, kanuni za nani anaruhusiwa, kumbukumbu za kasi na pointi kwa vilabu, na hatimaye desturi ya gari moja kukimbia peke yake dhidi ya saa. Mchezo wa vumbi ukawa mchezo wa vipimo.

Najua wapo wanaoona chama kama mwisho wa uhuru. Mimi naona kinyume. Kabla ya saa inayoaminika kila mtu alikuwa bingwa wa kijiwe chake. Baada yake, kijana aliyebadilisha kamshafti alijua kama ameongeza maili tatu au amepoteza mbili, na mwezi uliofuata wenzake 50 walijua pia. Ujuzi wa kupapasa uligeuka kuwa ujuzi unaolimbikizwa, na huo ndio uliomfanya Edelbrock aache kutengeneza kifaa kimoja kwa ajili yake na kuanza kukiuza.

Ziwa lenyewe halikubaki kwao muda mrefu. Jeshi lilianza kulitumia kwa mazoezi ya kudondosha mabomu tangu 1933, na baada ya 1938 vijana walisukumwa kwenda maziwa mengine, Harper, Rosamond na El Mirage. Muroc ndiyo leo kambi ya anga ya Edwards. Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, matairi yalianza kugawiwa kwa kibali, Februari 1942 viwanda viliacha kutengeneza magari ya raia, kasi ya barabarani ikawekewa mpaka wa maili 35, na petroli nayo ikaingia kwenye mgao. Mbio za ziwani zilisimama mwaka huo. Gereji ya Edelbrock ilikata vyuma vya meli na ndege. Iskenderian aliingia jeshini.

Baada ya vita, vijana haohao walirudi na akiba ya mishahara ya jeshi, ujuzi wa karakana za ndege na matangi ya ziada ya mafuta ya ndege za kivita, ambayo waliyageuza kuwa bodi za magari. Mwaka 1951 Parks alianzisha chama cha taifa cha mbio za mstari, NHRA. Kamshafti za Iskenderian na manifoldi za Edelbrock zikawa biashara kubwa, na bei za vifaa zikapanda kufuata mishahara. Bodi za Ford ya wazi ya 1932 zilizobaki hazitoshi kabisa. Zipo kampuni zinazofinyanga mpya za chuma kwa mashine, mlango kwa mlango, na kujenga gari kamili juu yake leo kunagharimu kuliko kununua gari jipya dukani. Mteja wa kawaida wa bodi hiyo ni mstaafu mwenye nyumba iliyokwisha kulipiwa.